UZI: Dogo alipiga shabaha 38 kati ya 40, halafu akaandika barua ya kukataa vita

Karani wa Kombania (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Juzi kwenye uzi wa vijana wetu wanaoingia jeshi la Marekani baada ya kushinda bahati nasibu ya grini kadi, kuna mkuu aliandika hivi: "Jeshi la kujitolea halina habari ya dhamiri. Ulisaini mwenyewe, kapigane." Akamwagiwa likes. Nilitaka kujibu palepale nikaona nitateka uzi wa watu, bora nifungue wangu. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi niliingia 2007, mwaka mmoja baada ya kutua. Sikuwa komando wala nini, nilikuwa karani wa kombania. Kazi yangu mafaili: nani mshahara umekwama, nani kapanda cheo, nani kafiwa anahitaji ruhusa. Ila kule hata karani na mpishi wanapiga depo kama wengine, na depo lao lina neno moja linalorudiwa mpaka unaliota: mpiganaji. Kuna maneno ya kiapo mnayakariri kila siku, yalitungwa upya 2003, na ndani yake unatamka kwamba wewe ni mpiganaji, kwamba kazi uliyotumwa utaitanguliza, hutakubali kushindwa, hutaacha, hutamwacha mwenzako aliyeanguka. Mwaka huohuo wa 2003, tarehe 23 Machi, kombania ya mafundi, ya 507, ilipotea njia pale Nasiriyah nchini Iraq ikavamiwa. Walikufa 11. Mafundi magari na wapishi, baadhi yao bunduki ziliwakwamia mkononi. Kwa hiyo msidhani hilo neno ni majigambo matupu. Lina sababu yake.

Sasa huyo mpiganaji anatengenezwaje? Wakati wangu bado kulikuwa na zoezi la singe, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki (zoezi walikuja kulitoa kwenye depo 2010). Mwalimu anauliza kwa sauti ya radi majani yanastawishwa na nini, na nyie mnajibu: damu, damu, damu! Huku unachoma gunia. Siku ya kwanza nilicheka kimoyomoyo, nikakumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi tulivyokuwa tunamwimbia Amin kifo alfajiri tumbo tupu, na Amin mwenyewe kashakimbilia Saudia zamani. Siku ya nne sikuwa nacheka, nilikuwa napaza sauti kuliko wenzangu.

Halafu kuna shabaha. Baada ya vita vya pili vya dunia, ofisa mmoja wa historia, S.L.A. Marshall, alidai kwamba askari wa miguu waliofyatua risasi wakiwa vitani hawakufika hata robo. Wasomi wamezitilia shaka sana takwimu zake, lakini jeshi lilimwamini, na mazoezi yakabadilishwa. Badala ya kulenga duara ubaoni, unalenga umbo la mtu linalochomoka ardhini ghafla. Ukilipiga linaanguka. Unapewa 40, kuanzia mita 50 hadi 300. Ukipiga 23 umefaulu, 36 kwenda juu unapewa beji ya daraja la kwanza. Tulikuwa tunayaita Ivan, jina lililobaki tangu enzi Mrusi alipokuwa adui yao. Nia ni kwamba mkono uwahi kabla akili haijaanza maswali.

Mimi nilipata 26 nikamshukuru Mungu. Kuna kijana wa kikosini kwetu, fundi magari, alisaini akiwa na miaka 18 hata shule hajamaliza, nitamwita Dogo. Dogo alipata 38.

Wiki kama sita baadaye akaja ofisini. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, akanisubiri nimalize simu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia dawa ya kisonono duka lenye foleni: "Fomu ya kuomba kutoka jeshini kwa sababu ya dhamiri unayo?"

Nilikuwa sijawahi kuisikia. Nikafungua kanuni, nikaikuta. Ipo, wakuu. Wizara yao ya ulinzi ina agizo namba 1300.06, na jeshi la nchi kavu lina kanuni yake 600-43. Zimeandikwa kwa ajili ya watu walioko ndani tayari, waliosaini wenyewe, maana kuandikisha kwa lazima waliacha 1973. Hapo ndipo yule mkuu wa likes alipokosea. Jeshi lenyewe linajua kwamba mtu aliyesaini Januari anaweza kuwa mtu mwingine Novemba, na limeacha mlango.

Mlango wenyewe sasa! Kwanza lazima upinge vita vyote, si hiki cha mwaka huu. Imani iwe ya kweli, thabiti, imetokana na dini au maadili yanayokutawala kama dini inavyomtawala muumini (hili la maadili bila dini mahakama kuu yao ilikubali 1970, kesi ya Welsh). Na iwe imekomaa baada ya kuingia, kwa sababu ile fomu ya kujiunga, namba 1966, inakuuliza wazi kama unapinga vita. Ukijibu hapana hali ulikuwa unapinga, umejifungia mwenyewe.

Kuna madaraja mawili. 1-O unaachishwa kabisa. 1-A-O unabaki na sare bila silaha.

Unaandika majibu ya maswali ambayo mimi nikiulizwa leo nitatoka jasho. Unaamini nini? Kimebadilika lini, kwa sababu gani? Ni wapi unakubali nguvu itumike? Maisha yako ya kila siku yamebadilika vipi tangu uamini hivyo? Ni kitu gani ulichofanya kinachoonyesha kuliko vyote kwamba unamaanisha? Halafu unahojiwa na kasisi wa jeshi, halafu daktari wa akili, halafu ofisa wa cheo cha kapteni au zaidi kutoka nje ya mlolongo wa wakubwa zako. Faili linapanda hadi makao makuu.

Niliitwa kuandika muhtasari siku ya yule kapteni. Chumba kidogo, feni inagonga. Kapteni akaweka kidole kwenye karatasi: "Una beji. 38 kati ya 40. Unataka niamini kwamba huwezi kumpiga mtu risasi?"

Dogo akasema: "Sijasema siwezi, afande. Naweza. Tulipomaliza, mwenzangu aliniuliza nilikuwa nawaza nini nikiwa pale chini. Nikatafuta, sikuona kitu. Tangu siku hiyo silali."

Kapteni akaja na lile la kila mtu, je mwizi akimvamia mama yako? Dogo akajibu atamkamata, atapiga kelele, na akibidi atampa ngumi. Kapteni akaandika tu. Kanuni haimtaki mtu awe kondoo, inauliza kuhusu vita.

Barua iliyonishangaza ilitoka kwa sajenti wa platuni yake, mtu aliyekwenda Iraq mara mbili, shingo kama nguzo, ambaye kila asubuhi ndiye aliyekuwa anatuongoza kwenye ule wimbo wa damu. Aliandika mistari mitatu. Kwamba hakubaliani na kijana huyu hata kidogo. Kwamba hamtaki kwenye gari lake. Na kwamba anaamini anachosema ni kweli.

Jibu lilikuja mwezi wa tisa. 1-O, kaachishwa kwa heshima. Miezi yote hiyo alikuwa anapanga barua na mimi ofisini, bila silaha, na kuna meza mle bwaloni akikaa watu wanainuka.

Hoja yangu ni hii. Wanakuchukua mtoto wa miaka 18 na kazi yao ya kwanza ni kuhakikisha hutoki kama ulivyoingia. Wanafanya makusudi, kwa ustadi, na kwa wengi inafanikiwa. Sasa kwa mmoja mmoja ikigeukia upande wa pili, kumwambia "mbona ulisaini" ni kumshangaa mtu kwa kubadilika baada ya wewe mwenyewe kumbadilisha. Karibuni.

Mzee wa Mutukula 79

Mwanangu Karani, umeandika vizuri, lakini umepaka rangi.

Mimi niliitwa kutoka mgambo, Januari 1979 nilikuwepo tunaingia Mutukula kwenye vita ya Amin. Hakuna aliyeniuliza maswali ya dhamiri na sikuwa na fomu. Nakuuliza jambo moja tu ambalo umelikwepa. Huyo Dogo alipobaki anapanga barua, kile kiti chake kwenye gari alikalia nani? Maana vita haikuahirishwa. Mnaongea kuhusu dhamiri kama vile ni ya mtu mmoja. Aliyekwenda badala yake hana dhamiri? Hana mama?

Halafu hilo la sajenti. Sajenti kasema hamtaki kwenye gari lake. Wewe umelisoma kama heshima, mimi nimelisoma kama lilivyo.

Karani wa Kombania

Shikamoo mzee. Sikulikwepa, nililiogopa.

Kile kiti alipewa kijana mwingine fundi, alihamishiwa kwetu wiki tatu kabla ya safari. Orodha niliichapa mimi. Tulikaa Iraq miezi 12 na kila taarifa ya gari kulipuliwa ikiingia, jina la kwanza nililokuwa nalitafuta ni lake, si la rafiki zangu. Alirudi mzima. Asingerudi, pengine huu uzi ningeuandika vingine au nisingeuandika. Hilo nakupa mzee.

Mpare wa Suji

Mzee Mutukula, shikamoo kwa niaba ya vijana wote, sasa naomba nikuletee mtu atakayekusumbua.

Sisi Wasabato tumekua na habari za Desmond Doss tangu Watafuta Njia, kile chama cha watoto kanisani. Msabato wa Virginia, alikuwa anafanya kazi kwenye karakana ya meli, angeweza kuomba asiandikishwe. Akaingia 1942, akawa mhudumu wa tiba, akakataa kugusa bunduki hata ya mazoezi. Wenzake walikuwa wanamrushia viatu akipiga magoti kusali. Mei 1945 kule Okinawa kikosi kimerudishwa nyuma kwenye jabali, majeruhi wamebaki juu, yeye kabaki nao. Akawa anawafunga kamba na kuwateremsha mmoja mmoja, na kila akishusha mmoja anamwomba Mungu ampe mwingine. Baadaye wakubwa walisema wameokolewa 100, yeye akasema hawazidi 50, wakakubaliana waandike 75. Rais Truman akamvisha nishani ya juu kabisa Oktoba mwaka huo.

Kwa hiyo mzee, yeye kiti chake alikalia mwenyewe. Na hakupenda kuitwa mkataa vita, alisema yeye ni mshiriki mwenye dhamiri.

Mzee wa Mutukula 79

Huyo nampigia saluti. Lakini huyo hakuomba kwenda nyumbani.

Mpare wa Suji

Kweli. Huyo ndiye 1-A-O ya Karani, na Dogo ni 1-O. Tusiwachanganye. Ila mzee kumbuka na Doss walitaka kumfukuza wakisema ni mzigo. Kabla ya Okinawa angepigiwa kura kikosini asingebaki.

Bampa kwa Bampa

Story nzuri ila mimi ni mtu wa Kariakoo, nikisikia "dhamiri" nashika mfuko. Dogo aliogopa Iraq. Mbona hiyo dhamiri haikumjia kabla safari haijatangazwa? Ulaya na Marekani vita ikianza tu wapinga vita wanaota kama uyoga.

Karani wa Kombania

Mkuu, hao uyoga ni wachache kuliko unavyofikiri. Wakaguzi wa bunge lao walihesabu maombi ya 2002 hadi 2006, miaka ile ya Iraq na Afghanistan inawaka. Majeshi yote pamoja na akiba, watu zaidi ya milioni mbili: maombi 425. Yaliyokubaliwa ni zaidi ya nusu kidogo.

Kuhusu woga, kanuni imelifikiria. Ndiyo maana ya kasisi, daktari na kapteni. Na ukitaka kukwepa kazi jeshini, muulize karani, kuna njia kumi nyepesi kuliko hii. Mgongo peke yake unatosha.

Ila nakuunga mkono mahali pamoja, si kila anayekataa anaingia kwenye mlango huu. Kuna luteni Ehren Watada, 2006 alikataa kwenda Iraq akisema vita ile ni haramu kisheria. Akasema yuko tayari kwenda Afghanistan. Basi! Hapo kanuni imeshamtupa nje, maana mahakama kuu ilishaamua 1971, kesi ya Gillette, kwamba huwezi kuchagua vita kama unachagua nyanya. Hata hakuomba. Walimpeleka mahakama ya kijeshi, kesi ikavunjika 2007, haikuweza kurudiwa, akaachishwa 2009.

Na mimi hapa ndipo naona kanuni imekaa upande. Mtu anayesema "vita vyote ni dhambi" anasikilizwa. Anayesema "nimesoma, nimepima, hivi hapana, vile ndiyo" anaitwa mhalifu, na huyu wa pili ndiye aliyefikiri kama ofisa anavyofundishwa kufikiri. Wajerumani wana kesi tofauti, meja Florian Pfaff alikataa kazi ya programu ya kompyuta akiona inasaidia vita ya Iraq, na mahakama yao ya juu ya utawala ikampa haki 2005. Ni mmoja, lakini yupo.

Bampa kwa Bampa

Na Muhammad Ali je? Yule alichagua.

Karani wa Kombania

Ali hakujitolea, aliitwa kwa lazima, Houston, Aprili 1967, akakataa kupiga hatua mbele. Alishinda mahakama kuu 1971 nane kwa sifuri, lakini kwa tundu la sheria: bodi iliyomkatalia haikusema imemkatalia kwa sababu ipi. Swali lako kama alichagua au hakuchagua walilikwepa kwa ustadi ambao yeye mwenyewe ulingoni angeupenda.

Mluhya wa Aldershot

Wadau, mimi ni Mkenya, niko huku Uingereza kwa malkia, siku hizi mfalme. Huku jeshi la lazima liliisha tangu 1960, wote ni volunteer, na wengi wetu wa Jumuiya ya Madola tumekuja kutafuta maisha, tusidanganyane.

Case ya huku ni Michael Lyons, mhudumu wa tiba wa jeshi la majini. Aliambiwa anaenda Afghanistan, akaomba kwa dhamiri. Kuna kamati ya ushauri inayosikiliza hayo mambo, ikamkatalia mwisho wa 2010. Kabla haijamkatalia, akiwa bado anangoja, alishakataa mazoezi ya bunduki, na Julai 2011 akafungwa miezi saba. Medic! Kama Doss wa huyo ndugu, tofauti ni miaka.

Lakini kitu sijaona mmegusa ni karatasi. Mimi nilihitaji miaka minne ya utumishi ndipo niombe ukaazi. Sasa dhamiri ikinijia mwaka wa pili? Mzungu akiachishwa anarudi kwa mamake Leeds. Mimi narudi wapi, Kakamega, na deni la tiketi? Dhamiri yangu ilikuwa na viza. Sioni aibu kusema ilinyamaza mpaka mwaka wa nne.

Karani wa Kombania

Mluhya umepiga penyewe. Huku ndivyo pia. Wengi wetu tulipata uraia haraka kwa sababu ya gwanda, na sheria inasema ukiachishwa kwa sababu mbaya kabla hujatimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima, uraia huo unaweza kunyang'anywa. Anayeachishwa kama Dogo, kwa heshima, hana tatizo hilo. Anayechoka kungoja majibu na kuondoka ndiye anaumia. Agustín Aguayo, mhamiaji kutoka Mexico, aliomba 2004, wakamkatalia. Akakaa Tikrit mwaka mzima akilinda lindo na bunduki isiyo na risasi. Walipotaka kumrudisha mara ya pili, 2006, aliruka dirishani kwake Ujerumani akakimbia, akajisalimisha mwenyewe, akapewa miezi minane.

Hebu fikiria hilo lindo, wakuu. Mwaka mzima.

Binti Nyamagana

Samahani kaka zangu nawakatiza. Mdogo wangu kapata grini kadi mwaka huu, ana miaka 20, anataka kwenda kwa recruiter, yule ofisa anayeandikisha watu jeshini, mwezi ujao. Nyumbani mama hataki. Hayo maswali ya fomu yanakuja wakati gani? Na asipojiunga kabisa, uraia atakuja kuulizwa habari za vita?

Karani wa Kombania

Dada, mambo matatu.

Kwanza, ajiunge asijiunge, mwanaume wa miaka 18 hadi 25 anajiandikisha kwenye daftari la Selective Service, la watu wanaoweza kuitwa jeshini kwa lazima. Kuandikishwa siyo kuitwa, ila asipojiandikisha anaweza kukwama kwenye uraia.

Pili, fomu ya uraia inauliza kama uko tayari kushika silaha sheria ikitaka, au kutumika jeshini bila silaha, au kufanya kazi ya taifa chini ya raia. Mwenye imani ya dhati anaweza kuapa kiapo kilichoondolewa kipengele cha silaha. Wapo wanaofanya hivyo, si kosa.

Tatu, kwa recruiter. Yeye atazungumzia ada ya chuo, bima na mafao, na hadanganyi. Mkataba ataambiwa ni wa miaka mitatu au minne. Asome ukurasa wa ndani, jumla ni minane, iliyobaki anahesabiwa akiba na anaweza kuitwa. Na akifika kwenye lile swali la kupinga vita, watu hulipita kwa kalamu mbio kama swali la mzio wa karanga. Mwambie asimame hapo hata dakika kumi. Ajibu yeye, asijibiwe.

Mama naye asikilizwe, ila asimfungie pasipoti. Niliona mmoja alifungiwa akaondoka na hasira, na hasira ni msaini mbaya.

Binti Nyamagana

Asante kaka. Pasipoti tayari iko kwenye sanduku la mama, sijui alijuaje.

Mpare wa Suji

😂😂 Mama wa Kisukuma huyo, mtamuweza?

Mzee wa Mutukula 79

Karani, nimerudi. Nimesoma yote na msimamo wangu haujabadilika, mtu akila kiapo amekula. Yule wa lindo na bunduki tupu ndiye amenikalia kichwani, sijui nimweke wapi. Wenzake waliokuwa wamelala nyuma yake walijua?

Na lingine dogo. Huyo Dogo wako, ile beji ya shabaha alirudisha?

Karani wa Kombania

Mzee, la Tikrit sina jibu.

Beji hakurudisha. Sasa hivi ana gereji ya mabasi ya shule, nilimtembelea mwaka juzi. Iko kwenye droo ya chini ya sanduku la spana, imefungwa kwenye kitambaa. Nilimuuliza swali hilohilo lako. Akasema aliipata kihalali.